Giza la Saa Nane Mchana

Nilipokuwa darasa la tano kule Nzahaha, nilipata habari kwamba watu wanaweza kujitengenezea usiku saa nane mchana, kwa maturubai na misumari tu. Habari hiyo ilininyima raha kuliko mtihani wowote. Aliyeileta ni Madamu Konsolata, mwalimu wetu wa Kifaransa, siku alipotutangazia kwamba kabla ya Noeli tutapelekwa Kamembe kutazama teatre ya kuimba. Wachezaji walikuwa wametoka Ufaransa, wangecheza katika ukumbi wa paroko, na madirisha yote yangezibwa ili taa za jukwaani zionekane vizuri.

Wenzangu walirukaruka kwa furaha. Mimi nilimfikiria Koko.

Koko alikuwa bibi yetu, mama wa baba, na ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu Neema, kwa sababu mama alivuka mpaka kila alfajiri kwenda kuuza sokoni Bukavu na kurudi tukiwa tumeshakula. Alikuwa ameishi miaka mingi milimani upande wa Kongo kabla ukoo wetu haujarudi Rwanda, na kutoka huko alikuja na viti viwili, Biblia, na makatazo yasiyo na idadi. Usiruke miguu ya mtu aliyelala. Usikalie kinu. Usipige mluzi kama wewe ni msichana. Mengi tuliyacheka chinichini. Moja hatukulicheka hata kidogo, maana migomba yetu ilifika hadi ukutani na tulijua vizuri ni nani anayekaa kwenye majani yake makavu. Gizani, yule mrefu anayetambaa hatajwi jina. Ukimtaja anasikia, anadhani ameitwa, anakuja. Ninaandika haya asubuhi, jua limeshapanda, kwa hiyo naweza kumtaja: nyoka. Gizani ukimwona unasema "kamba", na kila aliye nyumbani anaelewa afanye nini.

Siku ile nilipotoka shuleni nilimkuta uani akichambua maharage, nikamuuliza.

"Koko, kama giza ni ya kutengeneza tu, ya muchana, naweza kumutaja?"

Hakuinua uso. "Giza ni giza. Nyoka haivalaka montre ya kuangalia saa."

"Lakini tutakuwa mu sale, ukumbi ya padri."

"Na ile ya Edeni? Haikuingia kwa Mungu mwenyewe?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi miguu yangu nilikuwa bado naihitaji.

Maandalizi yalichukua wiki tatu, na hadi leo sijui kama tulijifunza kitu kingine chochote muhula ule. Madamu Konsolata alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, na aliipenda Ufaransa ambayo hajawahi kuiona. Alituandikia ubaoni maneno ya teatre: rideau, pazia, scène, jukwaa, entracte, mapumziko ya kwenda kukojoa. Alitundika kitenge chake kwenye waya darasani kikawa pazia. Akajificha nyuma yake na kugonga sakafu kwa mpini wa ufagio, mara tatu, polepole, kwa sababu huko Ufaransa ndivyo teatre inavyoanza. Pigo la kwanza, tunakaa wima. La pili, tunafunga midomo. La tatu, hatupumui. Nilikuwa nikilala usiku nasikia yale mapigo matatu chini ya kitanda.

Alitueleza theluji, neige, kwa kutumia unga wa muhogo, akaupuliza kutoka kiganjani, na kwa wiki nzima meza ya mbele ilikuwa nyeupe. Alitueleza keki ya Noeli ya Wafaransa, inayotengenezwa kwa umbo la gogo. Hiyo nilipomsimulia Koko alicheka hadi akashika ubavu. "Bazungu banakula kuni!" akasema. "Na sisi tunazipikia tu!"

Tulifundishwa pia makofi. Mtu akimaliza kuimba, makofi. Kitu kikubwa kikitokea jukwaani, makofi. Nje ya makofi, kimya.

"Mutoto mwenye atafungua kinywa mule ndani," Madamu alisema, "atatuharibia jina ya shule yote. Hawatatuita tena hata siku moja. Na kama uko na kitu ya kusema kweli, utasema mu Kifaransa. Sitaki kusikia Kiswahili mule. Munasikia?"

"Oui, Madame."

Kisha likaja jambo lililoifanya safari ile kuwa ya nyumba yetu. Wachezaji waliomba kila shule ilete mtoto mmoja mdogo wa kupanda jukwaani na taa ya karatasi, kwa sababu katika hadithi yao mwezi unapotea na watoto wanautafuta. Madamu alipita darasa la pili na rula. Neema ndiye aliyekuwa mfupi kuliko wote. Mdogo wangu huyu alikuwa na haya hivi kwamba akisalimiwa na mgeni alikuwa akiingia ndani ya sketi yangu, lakini siku ile alirudi nyumbani akitembea kama mke wa waziri. Alilala na ile taa. Koko alimwambia mimi nikisikia: "Wewe angalia taa yako." Akanigeukia. "Na wewe mukubwa, angalia mwenye kushika taa."

Tulisafiri katika lori la mchele lililokuwa likitoka Bugarama. Magunia yalikuwa yameshushwa, ila pumba zilibaki sakafuni, na lori liliposhika kasi upepo uliziinua zikatujaa kwenye nywele na kope. Mtu akapiga kelele: "Neige!" Tukaimba njia nzima, weupe kama wazee. Sehemu hiyo naikumbuka kama ndoto niliyoota mara nyingi: vilima vinapita, Neema amekumbatia taa yake, na pumba za mchele wa Bugarama zinatuangukia polepole kama Ufaransa imekuja kutuchukua njiani.

Ukumbi ulikuwa mweusi kweli. Tuliingia kutoka kwenye jua kali, na mlango ulipofungwa nilitafuta mkono wangu mwenyewe sikuuona. Nikasema moyoni: haya, usiku umefika. Yakasikika mapigo matatu, nasi tukaacha kupumua kama tulivyofundishwa.

Pazia likafunguka, na sijui nitawaambiaje. Kulikuwa na kijiji cha buluu chenye paa zilizochongoka. Kulikuwa na mwanamume mwenye akodioni aliyeipanua na kuibana mpaka nikahisi kifua changu kinafunguka nayo. Karatasi ndogo nyeupe zilishuka kutoka juu bila haraka. Juu ya kijiji ulining'inia mwezi mkubwa wa mbao, umefunikwa karatasi za fedha, na chini yake alisimama mama mmoja mzee mwenye nywele nyeupe zake mwenyewe, akiimba kwa sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto. Sikuelewa hata nusu ya maneno, lakini machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Watoto wa taa wakaitwa. Walikuwa wanne, na Neema alikuwa wa mwisho. Yule mama mzee alimpokea, akamweka mbele yake, chini kabisa ya mwezi. Neema hakujificha kwenye sketi ya mtu. Aliinua taa yake juu, na nilijivuna hadi nikaona joto masikioni.

Hapo ndipo nilipomwona.

Juu ya mwezi, pale mwanga ulipoishia, kitu chembamba kilikuwa kikijisokota. Ncha yake ilikuwa hewani, ikizunguka polepole, ikashuka kidogo, ikatulia, ikashuka tena. Nilikuwa nimewaona wengi kwenye migomba. Nilijua wanavyoning'inia kabla ya kujiachia, na huyu alikuwa juu ya kichwa cha mdogo wangu.

Watu hudhani woga huja peke yake. Wangu ulikuja na sheria zote nilizofundishwa. Nikipiga kelele, naharibu jina la shule na wimbo wa Neema, na hatutaitwa tena. Nikisema nyoka, namwita ashuke. Serpent ni jina lake vilevile. Sikuamini kwamba hajui Kifaransa. Koko alisema, gizani sema kamba. Madamu alisema, mle ndani sema Kifaransa. Nikasimama juu ya benchi, nikawatii wote wawili.

"Madame! La corde! La corde!"

Akodioni ilikatika katikati ya sauti. Watoto wa shule nyingine wakaanza kucheka. Madamu Konsolata aligeuka, na hata gizani niliuona uso wake. "Mungu wangu, huyu mutoto," alisema, tena kwa Kiswahili. Lakini mimi nilikuwa namtazama yule mama mzee. Alikuwa ameshtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Hakuangalia juu, hakuuliza kitu. Alimshika Neema mkono, akarudi naye nyuma hatua nne, tano, mpaka kwenye mkunjo wa pazia, huku akijishika kifua na mkono mwingine. Neema alikuwa ameangusha taa yake, na alianza kulia.

Mwezi ukaanguka.

Ulianguka wima, ukalala juu ya ile taa, na karatasi za theluji zikaruka hadi safu ya kwanza. Kisha ukumbi mzima ukapiga makofi, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa kwamba kitu kikubwa kikitokea jukwaani, unapiga makofi. Tulipiga kwa nguvu sana. Walioshika vichwa walikuwa wachezaji tu.

Baadaye, madirisha yalipofunguliwa, fundi wao alishuka na kipande cha kamba iliyochakaa, nyuzi zake zimejifumua moja moja. Haikuwa nyoka. Ilikuwa kamba tangu mwanzo.

Yule mama mzee aliniita, Madamu akitafsiri. Alisema kwao, ndani ya teatre, neno hilo, corde, kamba, halitamkwi kabisa, linaleta mkosi. Wao husema uzi. Amefanya kazi hiyo tangu msichana na kila akilisikia mwili wake unakimbia wenyewe kabla akili haijaamua. Akataka kujua niliionaje kamba kutoka mbali vile.

"Sikuona kamba," nikamwambia Madamu. "Niliona nyoka."

"Sasa kwa nini ulisema kamba?"

"Juu Koko alinikatazaka kutaja nyoka mu giza."

Madamu alianza kutafsiri, akafika katikati, akacheka, kisha akakaa kwenye ngazi ya jukwaa na kulia, akimvuta Neema mapajani. Yule mama hakucheka. Alisema tu kwamba kwa desturi yao, aliyelitaja neno lile lazima awanyweshe wenzake wote.

Nilimfikishia Koko deni hilo jioni ileile, na hakuona ajabu yoyote. Kesho yake alijitwika dumu la maji ya ndizi aliyoyakamua mwenyewe, tukapanda naye hadi Kamembe, akawanywesha Wafaransa mmoja mmoja. Yeye na yule mama mzee walikaa kwenye benchi moja bila lugha hata moja ya kuchangia, kikombe kikienda na kurudi. Fundi alipopita mbele yao na kamba mpya mkononi, wote wawili waliinamisha macho. Koko aliniambia njiani: "Ule mama balimulea muzuri."

Sasa mimi ni mwalimu, na wiki hii nawaandaa wanafunzi wangu kwenda kutazama teatre ya Noeli ya Kifaransa. Nimetundika kitenge. Nimegonga sakafu mara tatu. Nimepuliza unga. Miaka mingi nimejiuliza ni nani aliyemwokoa Neema, kwa sababu kila tulichoamini kilikuwa na kosa: hapakuwa na nyoka wa kuita, na neno lile halikuleta mkosi wowote. Kama ningesema nyoka, nadhani mama yule angesimama palepale akitafuta kwa macho. Kama nisingefundishwa njia ya kusema jambo la kutisha bila kulitaja, ningenyamaza kama mtoto mwenye adabu. Siwezi kupiga hesabu zaidi ya hapo, na Koko hayupo tena wa kunicheka. Kwa hiyo, baada ya pigo la tatu na kimya chote, nawaongezea wanafunzi wangu sheria moja ambayo Madamu hakuwa nayo: ukiona kitu juu ya kichwa cha mwenzako, sema, kwa lugha yoyote, kwa neno lolote ulilo nalo mdomoni.

Jana usiku Neema alinipigia simu kutoka Bugarama. Mwanawe wa mwisho anaishi nami na yumo darasani kwangu.

"Yaya, dada yangu, umebaambia batoto ile neno?"

"Neno gani?"

Nikasikia anatembea, mlango unafunguka, mtoto analia kwa jirani.

"Ngoja kwanza," akasema, "umeme imekatika huku."

Tukangoja pamoja, kila mmoja na simu sikioni, mpaka taa yake ikawaka.