Mtu Aliyelala Hapigi

Baraza la wazee la kitongoji kimoja cha Endabash lilitamka, kwa kauli moja na baada ya kutafakari kwa kina, kwamba mtu aliyelala hapigi mtu. Kwa hiyo Felisiani, aliyempiga mkewe kitandani hadi jicho likavimba, alikuwa macho. Atoe kondoo, yaishe.

Mkewe, Laurencia, hakuwa amemshtaki. Jicho ndilo lililoshtaki, Jumapili kanisani, na kitenge alichojitanda hakikulitetea.

Lakini naye alikuwa na yake moyoni. Miaka yote ya ndoa mwanamume huyu hakuwahi kumpandishia hata sauti. Ng'ombe akikanyaga vitunguu, nusura yeye amwombe ng'ombe radhi. Kisha yakaanza mateke, na ngumi, na matusi ya Kiiraqw ambayo Laurencia hakujua kama mumewe anayafahamu. Kila asubuhi maelezo yalikuwa yale yale: ameota nyati katoka msitu wa Ngorongoro, kaingia kwenye mahindi, naye anamfukuza. Laurencia alisikiliza huku akikoroga uji. Nyati gani huyu asiyechoka, ambaye siku zote husimama upande wa mke?

Akaanza kumchunguza. Alimtajia wajane wa kijijini, mmoja mmoja, aone jina lipi litamshtua. Hakushtuka, na hilo nalo likamtia shaka. Akamwekea maziwa yaliyoharibika. Felisiani akayanywa bila kukunja pua. Laurencia akahitimisha kwamba mtu mwenye siri hula chochote.

Barazani, mwenyekiti, mzee Hilary, aliziweka njia mbili. Ama Felisiani alikuwa macho, basi atubu. Ama ana kitu kibaya kinachomwingia usiku, na hapo mama arudi kwa kaka zake Mbulu mpaka kimtoke.

Felisiani alifikiri kidogo. "Nilikuwa macho," alisema.

Laurencia alimgeukia. Mumewe akisema kweli humtazama mtu usoni. Hii aliviambia viatu vya mwenyekiti.

Wakaletewa kibuyu kimoja cha pombe, wanywe kwa zamu mbele ya watu, ugomvi uzikwe. Felisiani alipokuwa akingoja zamu yake, mkono wake wa kulia, uliokuwa umetulia juu ya goti, ulianza kutetemeka wenyewe. Wazee wakagusana viwiko. Alipokipokea kibuyu, ukaacha.

"Mmeona?" alisema mzee Hilary. "Hatia hiyo, imetoka."

Kibuyu kiliporudishwa mkono ulianza tena, ila wakati huo wazee walikuwa wanamtazama kondoo.

Kosa likawa limeungamwa, kondoo ameliwa, na mkono ungali unatetemeka. Mateke nayo hayakuwa na habari ya mapatano. Kwa Laurencia hilo halikuingia akilini. Akampeleka hospitali, Karatu mjini.

Daktari, dada mdogo kuliko mabinti zake, alimwambia mzee atembee. Mkono mmoja ulipunga. Wa kulia ulining'inia tu kama wa koti. Kabla hata hajaugusa, akamgeukia Laurencia.

"Mama, mzee huwa anapigana usingizini?"

Laurencia alijiuliza nani wa Endabash amewahi kufika pale kabla yao.

Hakuna aliyefika. Daktari alieleza kwamba huo ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa Parkinson. Mtu anapoota, mwili hufungwa usifuate ndoto. Kwa mzee kamba imelegea, na mara nyingi hulegea miaka kabla mkono haujatetemeka. Hata pua huweza kufa mapema, isinuse kitu. Kupona haponi, lakini dawa za kumsaidia zipo. Na kila alipopiga, alikuwa amelala kweli.

Walipokuwa wakisubiri gari la kurudi, Laurencia aliuliza.

"Baba Sylvesta, kwa nini uliwaambia ulikuwa macho?"

"Ungeenda Mbulu."

Alimchunguza uso, kwa mazoea. Safari hii mumewe alikuwa anamtazama.

Sasa chumbani mwao kuna vitanda viwili, na katikati yake magunia ya mahindi, ambayo nyati huyapiga apendavyo.

Mke wa mzee Hilary alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alikaa, akanywa chai, akasifu dawa, akaulizia yale magunia. Alipokuwa anasindikizwa, alimwuliza Laurencia kwa sauti ya chini yule daktari anapatikana siku gani.