Waliponiuliza Shoga Yuko Wapi

Mwezi jana, nikipita Shella, niliwasikia wasichana wawili wakiitana shoga huku wakicheka, nami nikasimama kuwatazama. Wajua huku kwetu mwanamke humwita hivyo rafiki yake mpenzi. Miaka ile ya themanini nilikuwa na umri wa miaka saba, na sikujua kwamba neno hilo lina maana ya pili.

Shoga yake bibi yangu alikuwa jirani yetu, mpambaji wa maharusi. Alizaliwa mwanamume, lakini alijifunga leso kama mama zetu, na kila alasiri aliketi nao uani akitwanga hina na kuwateta mawifi wa watu mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyenieleza habari zake, kwa sababu sikuuliza. Nilidhani kila mtaa una wanaume, wanawake, na mmoja kama yeye.

Siku moja wakaja vijana sita wenye mbao, wakidai kuna mtu anayeuaibisha mji. Mmoja aliinama akaniuliza kwa upole, "Shoga yuko wapi?"

Nikafurahi kwamba wanamjua. "Yuko jikoni kwa bibi."

Walimburuta kwa leso yake. Ubao wa kwanza ulimpata mdomoni, meno yakadondokea kwenye sinia la unga. Wa pili ulimvunja mkono. Niliusikia mfupa ukialika kama ukuni mkavu. Walimpiga mateke ya mbavu wakimwita jina lile lile, nami nikawa najiuliza ni rafiki gani hupigwa hivi. Bibi akamlalia, mbao zikamshukia mgongoni. Akamtazama kijana aliyekuwa karibu.

"Wewe, mamako alipambwa na mkono huu siku ya harusi yake. Haya, malizia kuuvunja."

Kijana akatupa ubao, akaondoka akilia. Wengine hawakuacha mpaka wazee walipotoka msikitini wakaja kuwazuia.

Baadaye jirani aliniita. Midomo ilikuwa imevimba, maneno yakatoka nusu nusu. "Kosa si lako, mwanangu. Mimi ni shoga yake bibiyo kweli."

Alihama kabla mkono haujaunga, wala hakumpamba tena bi harusi yeyote. Ua wetu ukanyamaza. Leo pale pana duka la dawa. Nimewaza sana kwa nini yule mmoja alitupa ubao. Nadhani bibi alimwonyesha kwamba yule aliye chini ni mtu. Wenzake walikuja na neno tu, wakaondoka nalo.