Mudogo Yangu

Wauguzi tunasikia mengi ambayo hakuna anayetuuliza. Mimi niliulizwa neno moja tu, na mpaka leo linanikera.

Alasiri moja zahanati yetu ya Kakuma ililetewa Mkongo kwa bodaboda, amechomwa ubavuni kwa kisu cha kukatia vitunguu. Alikuwa na kibanda cha chapati katika kambi ya wakimbizi, akimlea ndugu yake waliyekimbia naye vita, wazazi wao wakiwa wameshakufa. Nje ya lango letu watu walikuwa wameshamkamata huyo ndugu na wanampiga. Nililibana jeraha kwa mikono miwili, nikauliza nani amemfanya hivi. Alijua anakufa, maana aliniambia niache kujisumbua.

"Ni mudogo yangu," akasema. "Mama, ubaambie basimupige."

Nikamwita askari wa langoni kwa sauti awazuie. Nilipomgeukia tena alikuwa amekata roho.

Mahakamani Lodwar nikaelezwa kwamba maneno ya mtu anayekufa hupokelewa kama ushahidi, ingawa mwenyewe hayupo wa kuhojiwa. Vizuri. Kumbe hupokelewa kwa kipimo. Ya nani alichoma yakaandikwa. Nilipofika kwenye "basimupige", mwendesha mashtaka akanikatiza: "Sista, jibu swali peke yake." Nilipandwa na hasira, nikaimeza.

Wakili wa mshtakiwa akasimama, akaniuliza kwa upole kama "mdogo" haiwezi kuwa mtoto yeyote tu, pengine mwingine aliyekuwa pale kibandani. Nilitamani sana kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimeapa, na nimehudumia Wakongo miaka mingi. Nikasema mudogo yangu ni ndugu aliyezaliwa nyuma yako. Hata akiwa na mvi na wajukuu, bado ni mudogo yako. Karani akaandika.

Akapatikana na hatia. Ikabaki adhabu, na hapo umri ndio ulikuwa kila kitu, kwa sababu mtoto hapelekwi jela ya watu wazima. Karatasi ya kambini ilisema siku ya kisa alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, lakini umri wenyewe ulikisiwa tu walipokuwa wakisajiliwa. Daktari alimkagua meno, akasema hawezi kuipinga. Kijana mwenyewe hakujua alizaliwa lini. Aliyejua ni yule aliyezikwa.

Wakili akajaribu la mwisho. Akasema marehemu mwenyewe, akikata roho, alimwita mdogo. Jaji akarudi nyuma kurasa kadhaa, akasoma maneno yangu polepole: hata akiwa na mvi na wajukuu. Nilikaa kwenye benchi nikiona aibu, na sikuwa nimesema uongo wowote. Kijana akafungwa jela ya watu wazima.

Askari walimpitisha kwenye veranda nilipokuwa nimesimama. Alinitazama bila chuki. Afadhali angenichukia.

"Mama," akasema, "mukubwa yangu alisema nini tena? Pale ndani balikukata maneno."

"Alisema usipigwe," nikamjibu.

Akalitazama gari lililokuwa likisubiri chini.

"Na kule banaenda kunipeleka, banajua?"

Askari akamshika mkono, wakashuka ngazi kuelekea kwenye gari.