Siku Meno Yangu Yalipogeuka Zambarau Kimihurura

Hii sijawahi kuisimulia yote, hata kwa dada yangu, maana kila nikifika kwenye lile beseni la maji uso unaniwaka, lakini leo mmenikamata vizuri, mmeniwekea chai na sambusa, basi kaeni niwaambie jinsi mimi Mama Solange, mkuu wa maabara, mwanamke wa kupiga pasi hadi leso, nilivyojivua mbele ya ukumbi mzima wa madaktari (si nguo, jamani, na afadhali zingekuwa nguo).

Mjue kwanza siri moja. Meno yangu manne ya mbele, ya juu, si yangu. Ya kwangu niliyaacha kwenye uwanja wa netiboli huko Ngara, tulipokuwa tukiishi Tanzania, na tangu hapo navaa ya bandia, yenye kipande cha plastiki ya rangi ya waridi kinachoshika juu kwenye kaakaa. Kazini hakuna aliyejua. Nalala nayo, naamka nayo, nayasugua humo humo mdomoni, nikijiona msafi kuliko Kigali yote.

Sasa wodini kwetu alikuwepo Mzee Hamada, fundi cherehani wa soko la Kimironko, mgonjwa wa kisukari, ambaye mdomo ulikuwa unamuunguza miezi na miezi kwa sababu ya fangasi inayoitwa kandida. Kandida ni jamii moja na hamira ya mandazi, wengi tunaishi nayo bila habari, lakini mwili ukilegea inakushambulia. Anapewa vidonge, anapata nafuu, anaacha, inarudi. Akawa hali, anakonda, suruali anazishona upya mwenyewe kitandani. Na sisi maabara kila tukiotesha fangasi yake kwenye sahani na kuiwekea dawa ile ile ya kawaida, inakufa yote! Madaktari wakasema basi maabara ndiyo inayokosea, fangasi imekuwa sugu, mzee aanze dawa kali ya sindano. Dawa hiyo inaumiza figo, na figo za Mzee Hamada zilikuwa zimeshachoka.

Maabara yangu inakosea? Yangu? Usingizi uliniruka. Nikaomba nafasi kwenye mkutano wa hospitali, uliofanyika ukumbi mmoja kule Kimihurura, niwaonyeshe kwamba kandida iliyo huru ni kitu kimoja na kandida iliyojishikiza ni kitu kingine kabisa. Ikipata plastiki ya kung'ang'ania inajenga utando, chembe zake zinabanana tabaka kwa tabaka, zinajifunika ute, na dawa inayoua zile zilizo huru inapita juu yake kama mvua kwenye mabati. Nilikuwa na kipande cha mpira wa hospitali, ule mrija anaowekewa mgonjwa mwilini, chenye utando huo (fangasi yake tulishaiua kwa spiriti, msiogope), na kingine kisafi cha kulinganisha. Unavimwagia rangi ya zambarau, unasuuza, kisafi kinarudi kama kilivyokuwa, chenye utando kinabaki na rangi. Kazi ya dakika tano. Kila mtu anaelewa.

Dakika kumi kabla ya zamu yangu nafungua mkoba: kile kisafi hakipo. Nimekisahau maabara.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu, uamuzi mdogo tu. Nikajiuliza, plastiki safi kuliko zote hapa ni ipi? Nikaingia chooni, nikayatoa meno, nikayasuuza, nikayafunga kwenye leso, nikavaa barakoa ya maabara (nani atashangaa mtu wa maabara kuvaa barakoa?), nikatoka kifua mbele.

Nikaanza kusema. Ndani ya barakoa, bila meno, herufi zote zinatoka na upepo. Dokta Gatera, kiongozi wa wodi, mtu aliyekulia Uganda na asiye na subira, akaita kutoka mbele kabisa: "Mama Solange, hatusikii kitu! Toa hiyo barakoa!"

Nikatikisa kichwa.

"Toa, Mama, hapa hakuna mgonjwa!"

Nikatoa. Nikasema "fangasi", kikatoka kitu kama mtu anayezima mshumaa. Watu wakatazamana. Nikaona bora mikono izungumze, nikamwaga rangi haraka haraka, kamera ikirusha kila kitu kwenye skrini kubwa nyuma yangu, nikasubiri, nikatia vyote kwenye beseni. Mpira ukatoka zambarau, vizuri sana. Nikainua meno niwaonyeshe kitu kisafi kinavyokuwa.

Zambarau! Ule upande unaokaa kwenye kaakaa ulikuwa umekolea kama ganda la tunda la marakuja lililoiva. Nikasuuza tena. Nikasugua kwa kidole. Rangi imekaa, imetulia, na kwenye skrini meno yangu yalikuwa makubwa kama milango.

Halafu Dokta Gatera: "Hiyo meno iko ya nani?"

Ningeweza kusema ni ya mgonjwa. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, naapa. Lakini nimekaa miaka na miaka nikiwaambia vijana wangu kwamba jibu la maabara halibadilishwi kwa sababu halijakupendeza. Nikafungua mdomo wote, pengo likaonekana hadi mlango wa nyuma, nikasema, "Ni yangu. Na nilidhani ni masafi."

Wakacheka! Kuna aliyeangusha kikombe. Mimi nimesimama, machozi yananilenga, meno mkononi.

Ndipo muuguzi Vestine akasimama, yule mpole wa wodini asiyesema mikutanoni. "Ariko... lakini Mama Solange, na Mzee Hamada je? Yeye hana mpira wowote mwilini. Meno yake ni yake?"

Kicheko kikakatika. Dokta Gatera akafungua faili, akafunga, akapiga simu wodini. Tukasubiri. Akasikiliza, akaitikia "Yego, yego," akashusha simu taratibu.

"Ya juu yote ni bandia," akasema. "Hata mke wake hajui. Hajayatoa tangu aingie."

Yaani dawa ilikuwa inaua fangasi ya ulimini, na ile ya kwenye plastiki inangoja vidonge viishe ishuke upya. Hakukuwa na usugu wa aina waliyoiogopa. Maabara haikukosea. (Hapo niliyarudisha meno mdomoni na zambarau yake, nikakaa kwenye kiti kama malkia.)

Sindano ikafutwa. Meno ya mzee yakatolewa, akatengenezewa mengine, vidonge vikawa vile vile vya kawaida, na safari hii fangasi haikurudi. Ya kwangu tuliiotesha pia, nayo ikafa kwa dawa hiyo hiyo, na ule wekundu wa kaakaa niliokuwa nikidai ni wa pilipili ukaisha. Siku hizi kila anayelazwa kwetu anaulizwa swali la meno kabla ya kuulizwa jina la baba yake, na swali hilo nililiandika mimi.

Kabla hajaruhusiwa, Mzee Hamada alituma niitwe. Alikuwa bado anasubiri meno mapya. Akaniangalia, akasema, "Kumbe ni wewe, mama wa zambarau! Umeniumbua kwa mke wangu," akacheka kwa ufizi mtupu, nami nikayatoa yangu palepale, tukacheka wote wawili, pengo kwa pengo, mke wake akitushangaa.

Kwa hiyo nimeapa, na shahidi ni ninyi: usiku meno yanalala nje ya mdomo, na kitu ambacho sijakipima sitakiita kisafi tena, hasa kikiwa changu. Mwaka huu wameniomba nizungumze tena kwenye mkutano ule. Nimekubali. Ila kipande kisafi safari hii atakibeba Vestine.