Turubai la Mama Gaudensia

Mama mkwe wangu, Gaudensia, anauza sato sokoni Musoma mjini, na kunyamaza hakujui. Nilipoolewa kijijini kwao, huku kwenye rasi, nilimwogopa mwaka mzima. Sasa nampenda hata anaponikera, na hunikera karibu kila siku.

Mwaka jana tajiri mmoja aliomba ghuba yetu afyeke matete, alime mboga za kumwagilia. Samaki wachanga hukulia ndani ya matete yale. Yakishafyekwa, maji yamemwagika, nyavu zitarudi tupu. Uamuzi ulikuwa wa mkutano mkuu wa kijiji, lakini mkutano uliitishwa watu hawakutosha, ukaitishwa tena, yakawa yaleyale. Mwenyekiti akatangaza kwamba ukikwama tena, viongozi wataamua wenyewe. Na viongozi walishakula mbuzi wa tajiri.

"Watu wa hapa kwenye mikutano hawajagi," Mama aliniambia. "Lakini msibani wanakujaga hata hawajaitwa."

Asubuhi ya mkutano akafunga turubai uwanja wa shule, akawasha moto, akainjika sufuria kubwa ya ugali. Hakumdanganya mtu, maana hakuna aliyemuuliza. Kwetu ukiona turubai na moshi huulizi, unabeba kuni unakwenda. Kina mama wakaja na unga, wanaume na viti vyao, wengine wakilia tangu barabarani. Kaka yake Mama, Boniphace, alipigiwa simu na mtu aliyeliona turubai, akaja kwa bodaboda kutoka Nyamuswa, akashuka akipiga yowe: "Gaude wetu! Gaude wetu ametuacha!"

Gaude wake alikuwa mbele yake, ameshika mwiko.

"Karibu, kaka. Kaa."

"Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu. Tumekuja kuyaokoa matete."

Jamani, alifura! Wengi walikasirika, lakini ugali ulikuwa unaiva, na kwetu mtu haondoki msibani kabla ya kula. Mwenyekiti alipofika na kukuta uwanja umejaa, ikabidi aufungue mkutano. Waliokataa matete kufyekwa waliambiwa wanyooshe mikono, na uwanja mzima ukanyoosha. Boniphace naye akanyoosha, akaambiwa ashushe kwa kuwa si mkazi. Akaushusha kwa uchungu kweli.

Jioni tukikunja turubai, alikuwa bado amenuna.

"Siku ukifa kweli sitakuja mbio," alimwambia dada yake. "Nitapiga simu kwanza, niulize ajenda."

Mama alikuwa anasugua sufuria, hakuinua kichwa.

"Ajenda itakuwa hiyohiyo. Mtanizika pale ghubani, kaka, mbele ya matete. Atakayekuja na panga aanze na mimi."

Boniphace akachuchumaa, akamnyang'anya ile sufuria, akaanza kuisugua yeye.