Shimo la Pili

Walimwita Fundi Chini, maana nusu ya maisha yake aliyamaliza ardhini akichimba visima vya watu. Mkali, hana simile. Kosa lake kubwa lilikuwa kusema ukweli mbele ya watu waliokwisha kuahidiwa ajira.

Kisimani hakuingia kichwa kichwa. Kwanza alishusha kwa kamba mshumaa uliowashwa ndani ya kopo. Ukizimika, hewa ni mbaya, hashuki mtu. Kampuni ya gesi ilipotoboa ardhi nyuma ya shule, mdogo wake alimwita asafishe kisima cha nyumbani kwake. Safari hii mshumaa haukuzimika. Moto uliruka hadi mdomoni mwa kisima, ukamla nyusi na ngozi ya mkono wa kulia.

Mwezi uliofuata kampuni ikaomba kutoboa shimo la pili, hatua mia tu kutoka kisima cha Fundi mwenyewe. Mkutano ukaitishwa darasani. Fundi akafungua bandeji wote wakiona.

“Gesi imeingia majini. Wakitoboa na kwangu, tutakunywa nini?”

Afisa wa kampuni akatabasamu. Yeye maji yake huja na chupa. Watu wakanung'unika: wanataka barabara, wanataka zahanati yenye umeme, wamechoka kukaa bure. Hapo walikuwa na haki, tusidanganyane. Ndipo mdogo wake, aliyeajiriwa na kampuni kulinda geti, akasimama na sare mpya.

“Kaka namheshimu, ila umri umekwenda. Kajiunguza mwenyewe kwa kiberiti chake, sasa anasingizia gesi. Kisima changu kizima, maji yake tunakunywa mimi, mke wangu na wanangu.”

Darasa zima likacheka. Fundi akaifunga tena bandeji yake. Mikono ikanyooshwa, wa mdogo wake ukiwa wa kwanza, na shimo la pili likapita.

Mkono ulimuuma hakulala. Alfajiri akatoka nje, akamkuta mke wa mdogo wake kisimani na madumu matatu.

“Shikamoo, shemeji,” alisema, macho chini. “Ya kwetu hayanyweki. Watoto wanatapika.”

“Mmeanza lini kuchota hapa?”

“Mwezi mzima sasa. Yeye ndiye hunituma, kabla hujaamka.”

Fundi akashika kamba kwa mkono mzima, akajaza madumu yote bila kumtazama.

“Chukua. Mwambie mumeo anywe haraka haraka, maana na hiki jana kakinyooshea mkono.”