Dakika Tano za Furaha

Juma lililopita nilimpeleka mama mkwe wangu kwenye kituo kimoja cha afya mtaani Katoyi, hapa Goma, akabadilishiwe bandeji, maana aliungua mguu tulipokimbia volkano. Mabenchi yalikuwa yamejaa wagonjwa, na wauguzi wote walikuwa wamepangwa uani mbele ya daktari mkuu. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya uongozi, ambako alifundishwa kwamba kazi huanza kwa furaha.

"Tucheke!" akaamuru.

Wauguzi, ambao hawakulala kwa milio ya risasi za waasi, wakacheka kama watu wanaokohoa.

Mwanamke mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Mugunga akajishika tumbo. "Dokta, mutacheka nyuma, nikisha kuzala. Mutoto anakuya!"

"Mama, vumilia. Dakika tano tu za furaha."

Mtoto hakungoja. Mkunga akatoka mstarini bila ruhusa, mama mkwe akafungua kitenge chake wakamkinga nacho mzazi, na mtoto akazaliwa pale pale kwenye benchi. Alipolia, ua mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Daktari akapewa mtoto amshike, akakojolewa tai. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akatugeukia. "Munaona? Programu yangu imezaa matunda."

"Programu?" mzazi akamuuliza. "Dokta, ni miye nimezala."

Hata hivyo nampongeza. Wakubwa wengi wamepita hapa Goma, wa ofisini na wa msituni, lakini sijawahi kumwona mwingine aliyekojolewa akacheka.